ENIAC, JOHNNIAC au Whirlwind: uanze na ipi?

Majina yenyewe yanachanganya. ENIAC, EDVAC, UNIVAC, MANIAC, JOHNNIAC: utadhani ni watoto wa mama mmoja waliopewa majina siku moja. Picha nazo ni zilezile, chumba kikubwa, nyaya zimening'inia kama utumbo, wanaume wenye tai wamesimama pembeni. Mtu anayetaka kuielewa historia ya kompyuta za mwanzo, na ana muda wa kuisoma mashine moja vizuri badala ya kumi kwa haraka, anakwama hapo. Ashike ipi?

Mimi nilishika ENIAC, na sababu yangu ilikuwa ya kivivu: picha zake ndizo zilipatikana kirahisi. Niliombwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari, nikataja tani 30, nikataja valvu (taa za kioo zilizofanya kazi ya swichi) elfu kumi na saba na ushei, darasa likaguna kwa mshangao. Kisha msichana aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono: "Mwalimu, na umeme wake nani alikuwa analipa?" Nikajibu "jeshi", nikafungua picha iliyofuata. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoona kuwa yule binti alikuwa ameuliza mada yenyewe, na mimi nilikuwa nimesoma maelezo ya picha.

Kompyuta nyingi za mwanzo za Marekani, za miaka ya 1940 na 1950, zililishwa na mkono mmoja, wa jeshi. Ila hazikulishwa kwa namna moja. Kuna jeshi lililoagiza kifaa kama mtu anavyoagiza kabati kwa fundi. Kuna jeshi lililowalipa watu wakae wafikiri, likasubiri lione kitakachotoka. Na kuna jeshi lililochukua mradi wa mwenzake uliokuwa unakaribia kufa. Mashine tatu ninazolinganisha hapa nimezichagua kwa sababu hiyo, kila moja inaonyesha namna yake.

Ya Waingereza, Colossus, iliyofanya kazi Bletchley Park, kituo chao cha kuvunja maandishi ya siri, tangu 1944, nimeiacha makusudi. Si kwa dharau. Ilifichwa mpaka miaka ya 1970, na kwa anayetaka kufuata jinsi fedha za jeshi zilivyogeuka kuwa vitu tunavyotumia, siri ile inakata uzi katikati.

## Nimepima kwa nini

Kwa mambo manne. La kwanza ni mlipaji, na urefu wa kamba aliyompa mtafiti. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na wanasayansi pia. La pili ni jinsi mashine ilivyofanya kazi, na kama unaweza kumweleza mtu asiye fundi akakuelewa. La tatu ni kilichobaki baada ya mashine kuzimwa. La nne ni la vitendo: leo hii, ukiwa na laptop na bando la kawaida, utapata nini cha kusoma au kujaribu?

Kasi sikuiweka. Simu iliyo mfukoni mwako inazishinda zote tatu kwa mbali, na kuzishindanisha kwa kasi ni kupima mitumbwi kwa kipimo cha meli.

| | ENIAC | JOHNNIAC | Whirlwind |
|---|---|---|---|
| Ilipojengwa | Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia | RAND (taasisi ya utafiti), Santa Monica, California | Chuo cha MIT, Cambridge, Massachusetts |
| Mlipaji | Jeshi la Nchi Kavu | Jeshi la Anga, kupitia RAND | Jeshi la Wanamaji, kisha la Anga |
| Miaka ya kazi | 1945–1955 | 1953–1966 | 1951–1959 |
| Swali la mlipaji | Kombora la mzinga litaangukia wapi? | Vita ijayo tuifikirie vipi? | Kinachokuja angani sasa hivi ni nini? |

## Mlipaji na kamba yake

ENIAC ilifungwa kamba fupi. Mwaka 1943 Marekani ilikuwa vitani, na kila mzinga uliopelekwa mstari wa mbele ulihitaji jedwali: ukiinua mtutu kiasi hiki, na upepo ukiwa hivi, kombora litatua pale. Askari hawezi kukokotoa hayo huku anapigwa risasi, ni lazima aletewe yakiwa tayari. Kazi hiyo ilikuwa ya maabara ya mizinga ya Aberdeen, Maryland, ambayo iliwaajiri wanawake wengi, wengine Philadelphia, wapige hesabu kwa mashine za mezani. Cheo chao kiliandikwa "kompyuta". Neno hilo wakati ule lilikuwa la mtu, si la chombo. Njia moja tu ya kombora ilimla mtu siku nzima na zaidi, na jedwali moja lina njia maelfu. John Mauchly na J. Presper Eckert walisema valvu za redio zingeweza kuifanya hesabu hiyo kwa sekunde, na ofisa mmoja mwanahisabati, Herman Goldstine, akawapigania wapate mkataba.

Lakini vita viliisha kabla mashine haijakamilika. Kazi yake ya kwanza ya kweli, mwishoni mwa 1945, haikuwa ya mizinga hata kidogo: ilikuwa hesabu za bomu la haidrojeni kutoka Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia. Ukiifundisha ENIAC usiliruke hilo. Watu wengi huliruka.

Whirlwind nayo ilianza na kamba fupi, ikakatika, ikafungwa upya na mtu mwingine. Mwaka 1944 wanamaji walitaka kifaa cha kufundishia marubani, chumba cha kuigizia ndege ambacho ukivuta usukani kinajibu kama ndege yenyewe. Jay Forrester wa MIT aliona haiwezekani bila kompyuta ya tarakimu yenye kasi kubwa, na taratibu ile ndege ikasahaulika, ikabaki kompyuta. Gharama zikapanda mpaka kama dola milioni moja kwa mwaka, na waliokuwa wakilipa wakaanza kuuliza, kwa haki kabisa, wananunua nini. Mradi ulikuwa ukingoni. Agosti 1949 Wasovieti wakalipua bomu lao la kwanza la atomiki, na Jeshi la Anga likaanza kutafuta kwa haraka kitu cha kuunganisha rada. George Valley, profesa wa MIT aliyepewa kamati ya ulinzi wa anga, alikuta mashine inayotafuta kazi ipo chuoni kwake mwenyewe. Wakakutana mwenye kiu na mwenye kisima.

JOHNNIAC ndiyo yenye kamba ndefu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kati ya tatu ni hii pekee iliyojengwa ndani ya taasisi ya aina ya peke yake: si chuo, si kiwanda, si kambi, bali nyumba ya watu wanaolipwa na jeshi wafikiri.

RAND ilianza baada ya vita kama mradi wa Jeshi la Anga uliowekwa ndani ya kampuni ya ndege ya Douglas, na Mei 1948 ikajitenga kuwa taasisi isiyo ya faida, kwa msaada wa Ford Foundation. Jina lenyewe limefinyangwa kutoka maneno ya Kiingereza ya "utafiti na uendelezaji". Humo walikuwamo wanahisabati, wanauchumi, wanafizikia, hata wanasaikolojia. Ripoti yao ya kwanza, ya 1946, ilihusu chombo cha kuizunguka dunia, miaka 11 kabla ya Sputnik, setilaiti ya kwanza, ya Wasovieti. Wengi wao walihitaji hesabu kubwa. Walipozunguka kwa watengenezaji hawakuona cha kununua, wakaamua kujenga yao kwa kufuata ramani ya mashine ya mwanahisabati John von Neumann wa Princeton, ambayo ilitolewa wazi kwa yeyote anayetaka kuiiga. Wakaipa jina lake: Johnny.

Lakini kamba ndefu ya RAND huioni vizuri ndani ya chumba cha kompyuta. Iangalie ndani ya chumba kilichokuwa nyuma ya ukumbi wa biliadi, hapohapo Santa Monica. Mwaka 1952 wanasaikolojia wa RAND waliigiza humo kituo kizima cha ulinzi wa anga: meza, simu, ramani, wanafunzi wa chuo wamekaa kama askari wa rada. Walitaka kujua kundi la watu linafanyaje kazi likizidiwa. Rada ya kweli hawakuwa nayo. Kwa hiyo kijana mmoja, Allen Newell, na mwandishi wa programu Cliff Shaw, waliitumia mashine ya kadi za matundu kuchapa ramani za rada za kuigiza, karatasi juu ya karatasi, nukta zikisogea kama ndege. Tazama kilichotokea: mashine iliyotengenezwa kukokotoa namba ilikuwa inachora alama za mahali. Mshauri mmoja kutoka chuo cha Carnegie, Herbert Simon, aliziona karatasi zile na likamwingia kichwani kwamba kompyuta haishughuliki na namba tu, inashughulika na alama yoyote. Na kufikiri, je, si kupanga alama?

Hakuna ofisa wa jeshi aliyeagiza hilo. Lilitoka tu, kwa sababu watu waliachiwa kamba ndefu.

## Zilivyofanya kazi, na zinavyoelezeka

Hapa ENIAC ina faida kubwa na hasara kubwa. Faida ni kwamba unaiona. Ilikuwa na visanduku 20 vya kujumlishia, kila kimoja kikishika namba ya tarakimu kumi, na ilihesabu kwa kumi-kumi kama sisi, si kwa sifuri na moja. Ilijumlisha mara 5,000 kwa sekunde. Siku ya kuionyesha kwa waandishi wa habari, Februari 1946, wahandisi walikata mipira ya ping-pong nusu, wakaandika namba juu yake na kuifunika kwenye taa ndogo ili zipendeze kwenye kamera; taa zikakimbia, na njia ya kombora ikatoka kwa muda mfupi kuliko kombora lenyewe linavyokaa hewani. Hasara ni kwamba programu haikuwa ndani ya kumbukumbu. Programu ilikuwa nyaya. Ukitaka kazi mpya unang'oa plagi, unachomeka upya, unageuza swichi moja moja, na huenda siku kadhaa zikakatika kabla hujapata jibu la kwanza. Mwaka 1948 ilibadilishwa ikaweza kusoma maagizo yaliyopangwa kwenye mbao za swichi, na utaratibu wa nyaya ukapungua.

Walioichomeka ni wanawake sita waliotoka katika kundi la zile "kompyuta" za binadamu: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia chumba cha mashine kwa sababu za usiri, wakajifunza kwa michoro tu. Programu ya maonyesho ya Februari 1946 ni kazi ya mikono yao. Jioni kukawa na karamu ya kusherehekea. Hawakualikwa.

JOHNNIAC, kwa mtu wa leo, ni rahisi kuielewa kichwani na ngumu kuipigia picha. Ilitumia sifuri na moja, neno lake, yaani kipande cha data inachokishika kwa mara moja, lilikuwa biti 40 (sifuri au moja arobaini), na programu ilikaa ndani ya kumbukumbu pamoja na data, kama ilivyo kwenye laptop yako. Kumbukumbu ya kwanza ilikuwa ya valvu za pekee zilizoitwa Selectron, zikashika kidogo sana. Baadaye wakaweka ya pete za sumaku, maneno 4,096. Ilipozwa kwa hewa baridi iliyofungiwa ndani ya makabati, na fundi akifungua mlango kutengeneza kitu, baridi ilimvamia. Wakaipa jina la utani: "Pneumoniac", yaani mleta nimonia.

Lililo tamu ni JOSS, mfumo ambao Shaw aliuandika kwa ajili yake mwaka 1963. Kabla ya hapo mtafiti alipeleka kadi zake kwa mhudumu na kungoja. Kwa JOSS alikaa mbele ya mashine ya taipu ofisini kwake, wenzake kadhaa wakitumia kompyuta ileile kwa wakati mmoja, akaandika hesabu karibu kama Kiingereza cha kawaida. Maneno yake yalitoka kwa wino wa kijani, ya kompyuta kwa wino mweusi. Akikosea, kompyuta haikumwaga orodha ya makosa. Ilijibu neno moja: *Eh?* Kama babu aliyekaa barazani ambaye hakukusikia vizuri.

Whirlwind ina wazo moja ukilishika umelishika: majibu ya papo hapo. ENIAC unaipa swali leo, jibu unalifuata baadaye, kama barua. Whirlwind ni kama kutuma pesa kwa simu dukani, muuzaji amekutolea macho, na jibu likichelewa halina maana tena. Ndege haisubiri. Aprili 1951 ilipokea habari za rada kupitia laini ya simu na kuiongoza ndege moja mpaka ikaikuta nyingine angani. Neno lake lilikuwa fupi, biti 16, kwa sababu walitaka haraka kuliko usahihi wa tarakimu nyingi. Kumbukumbu yake ya kwanza ya valvu ilikuwa ghali na ikiharibika-haribika, mpaka mwaka 1953 Forrester alipoweka vijipete vya sumaku vilivyosokotwa kwenye nyaya kama shanga. Pete ikielekea huku ni sifuri, kule ni moja. JOHNNIAC nayo ilizipokea pete hizo baadaye, na karibu dunia nzima ya kompyuta ilizitumia mpaka miaka ya 1970.

Kutoka Whirlwind likazaliwa dude SAGE, mfumo wa ulinzi wa anga wenye vituo zaidi ya 20, kila kituo kikiwa na kompyuta mbili za IBM, moja ikifanya kazi na nyingine imekaa tayari, kwenye jengo la zege lisilo na madirisha. Kompyuta ya kituo kimoja ilikuwa na uzito wa tani kama 250. Askari alikaa mbele ya skrini, akaelekeza bunduki ya mwanga kwenye nukta aliyoitilia shaka, akafyatua, na habari za ndege ile zikajitokeza. Mezani palijengewa kiwashio cha sigara na kisahani cha majivu. Kituo cha kwanza kilianza kazi 1958, New Jersey. Lakini Oktoba iliyotangulia Wasovieti walikuwa wamerusha Sputnik, na roketi inayoweza kubeba setilaiti inaweza kubeba bomu. Mfumo uliojengwa kukamata ndege ulifunguliwa wakati hofu imeshahamia kwenye makombora. Hata hivyo uliendelea kuwashwa mpaka mapema miaka ya 1980.

## Zilichoacha

ENIAC iliacha shule na kesi. Katika kuona udhaifu wake wa nyaya, von Neumann, ambaye Goldstine alikutana naye kwenye jukwaa la stesheni ya treni ya Aberdeen kiangazi cha 1944, aliandika 1945 rasimu ya mashine yenye programu ndani ya kumbukumbu. Rasimu ilibeba jina lake peke yake, na Eckert na Mauchly hawakulisamehe hilo. Kiangazi cha 1946 mihadhara ya Philadelphia ilimvuta Maurice Wilkes kutoka Uingereza, akarudi Cambridge ya Uingereza kujenga kompyuta yake, EDSAC. Eckert na Mauchly wakafungua kampuni iliyotoa UNIVAC. Mwaka 1950, ENIAC ileile ikapiga hesabu za kwanza za utabiri wa hali ya hewa kwa kompyuta. Kisha 1973 mahakama ikafuta hataza yake, ikisema wazo lilichotwa kwa John Atanasoff. Kwa hiyo ukisikia "kompyuta ya kwanza duniani", uliza kwanza: ya kwanza kwa nini?

Whirlwind iliacha viwanda. Ken Olsen, kijana wa maabara ile, alianzisha kampuni ya DEC mwaka 1957 iliyofanya kompyuta zishuke bei na kimo. IBM ilijifunza kujenga mitambo mikubwa kwa fedha za SAGE, na ujuzi huo ukaingia kwenye SABRE, mfumo wa kukatia tiketi za ndege wa American Airlines.

Na nani aliandika programu za SAGE? Hapa nyuzi zinakutana. Ni watu wa kile chumba nyuma ya biliadi. Jeshi la Anga lilipenda sana mazoezi yale ya kuigiza, likataka vikosi vyote vifundishwe hivyo. Idara ikavimba kuliko RAND yenyewe, na mwaka 1957 ikajitenga kuwa System Development Corporation, iliyofundisha mamia ya waandishi wa programu wakati kazi hiyo haijapata hata jina la kueleweka.

JOHNNIAC iliacha vitu visivyoshikika. Simon, Newell na Shaw walitunga programu ya kuthibitisha nadharia za mantiki. Kabla haijaingia kwenye mashine, Januari 1956, Simon aliwapanga mke wake, watoto na wanafunzi, kila mtu na kadi yake, kila mmoja akiwa kipande cha programu, wakaiendesha kwa mikono. Mwaka huohuo ikaendeshwa kwenye JOHNNIAC, na ilithibitisha nadharia 38 kati ya 52 za mwanzo za sura ya pili ya kitabu cha Whitehead na Russell cha misingi ya hisabati. Hapo ndipo wengi huanzia kuhesabu historia ya akili mnemba. JOSS nayo ilizaa lugha ndogondogo za kuandikia programu, mmoja wa wajukuu wake akiwa MUMPS, ambayo bado inabeba mafaili ya wagonjwa katika hospitali za Marekani.

Paul Baran, aliyeandika 1964 kuhusu kukata ujumbe vipande na kuvipitisha njia tofauti, alikuwa RAND vilevile, ingawa hilo si tunda la JOHNNIAC. Yeye ndiye aliyefikiria mawasiliano yatakayonusurika bomu la nyuklia. ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, yenyewe ilijengwa ili watafiti washirikiane kompyuta. Wanafunzi huyachanganya haya mawili kila mwaka.

## Leo utapata nini

Vipande vya ENIAC vipo Philadelphia na kwenye makumbusho ya Smithsonian, JOHNNIAC nzima ipo Computer History Museum huko Mountain View, na sehemu za Whirlwind na SAGE zimegawanyika kwenye makumbusho. Wengi wetu hatutafika huko, kwa hiyo tuseme ya laptop. Za ENIAC kuna programu za kuiigiza, unachomeka nyaya kwa kipanya. Ni darasa zuri la subira. Za RAND, ripoti zake nyingi za zamani, za JOSS na za Baran zikiwamo, zinapakuliwa bure, na ukitaka kuonja ladha ya JOSS tafuta FOCAL, lugha ya ukoo huohuo, kwenye viigizo vya kompyuta za DEC. Nyaraka za Whirlwind zimewekwa mtandaoni na MIT kwa wingi, mpaka kumbukumbu za vikao, lakini ni kurasa zilizopigwa picha. Bando litalia.

## Nani ashike ipi

Una vipindi viwili na darasa la sekondari: ENIAC. Inaonekana, inasimulika, na wale wanawake sita watakushikia darasa kuliko tani 30. Jiandae tu kwa swali la bomu.

Unasoma kompyuta au akili mnemba chuoni, au unaandika kuhusu uhusiano wa serikali na watafiti: JOHNNIAC. Ni ngumu kuanza nayo kwa sababu hadithi yake imetawanyika kwenye ripoti, na mtu anayetaka mashine moja, siku moja, picha moja, atachoka. Ndiyo pekee, hata hivyo, itakayokuonyesha kinachotokea mlipaji asipoagiza kitu maalumu. Ukiishika, soma pia upande wake mwingine: watu walewale, kwenye korido zilezile, walikuwa wakipiga hesabu za vita vya nyuklia.

Unafanya kazi na mifumo isiyoruhusiwa kuzima, iwe ya benki, ya uwanja wa ndege au ya miamala ya simu: Whirlwind. Utakuta shida zako za leo humo, mashine ya akiba na laini za simu zikiwamo, na pia namna mradi unavyopanda gharama huku mteja akiuliza alichoagiza kipo wapi.

Una insha ya kurasa tano na mwalimu hajakupa mada: usichukue mashine yoyote. Chukua kile chumba cha nyuma ya biliadi, 1952. Anza na karatasi za rada zilizochapwa na Newell na Shaw, kisha fuata mkondo mmoja mpaka kwenye kadi za familia ya Simon, na mwingine mpaka kwenye meza za SAGE zenye kisahani cha majivu.